Mishono ya Ukuta wa Kaskazini

Novemba 17

Mke wangu Samiha amesema amechoka kusikiliza habari za chuma kwenye simu. Nikitaka kuisifu kazi yangu niandike kwenye karatasi, na nikimpigia simu niulize watoto wamekula nini. Haya, naandika. Mimi ni Wagih, fundi mkuu wa kuchomelea, Usta kama mafundi wakuu wanavyoitwa huku, mtu wa Dumyat, na katika pwani hii yote ya Misri sijamwona anayenishinda kwa mkono. Nimeshalisema hilo, sasa niendelee.

Tunajenga mtambo wa umeme wa nyuklia, na kikosi changu kimepewa bwawa. Humo ndimo zitakamohifadhiwa fito za mafuta ya nyuklia zikishatumika, zikae chini ya maji miaka na miaka. Zege limeshamwagwa. Sisi tunalivalisha bati la chuma kisichoshika kutu, kuta nne na sakafu, tukiunganisha bati kwa bati. Mshono ukivuja, maji yataingia nyuma ya bati, mahali ambapo mkono wa mtu hautafika tena. Mhandisi Talaat, meneja wetu, ametuahidi kwamba bwawa hili likipita majaribio ya maji, na bwawa la pili ni letu. Likivuja, turudi Dumyat tukatengeneze vitanda.

Novemba 20

Tufani ya kwanza ya msimu imefika, ile watu wa Aleksandria, ambao kila tufani wameipa jina na tarehe yake, wanayoiita Fagio. Juu ya bwawa bado hakuna paa, ni turubai tu. Vikosi vingine vilishuka jukwaani, sisi tukabaki. Tulikuwa juu kabisa ya ukuta wa mashariki, tukazikaza kamba za turubai, tukachomelea mpaka jioni huku upepo ukitupiga mgongoni. Talaat alipita chini akatupigia saluti. Nilifurahi nikashindwa kuficha meno.

Novemba 21

Mvua. Kazi. Maharage.

Novemba 26

Watu wanatuuliza siri yetu. Hakuna siri. Dumyat ni mji wa fanicha, na baba yangu alikuwa mpiga vanishi. Kwake kiti hakikutoka karakanani mpaka kiganja kiteleze juu yake bila kukwama popote. Mimi nimekileta chuma katika malezi yale yale. Mshono ukishapoa tunausugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa laini, mpaka ung'ae. Lutfi, shemeji yangu, kaka yake Samiha, hutengeneza masharubu yake kwa kujitazama kwenye mshono. Gharib ni mtu wa Suez, mwanzoni alitucheka kwamba tunachomelea bwawa kama kabati la bibi harusi. Siku hizi anasugua kutushinda sisi. Kwetu kazi isiyong'aa haijaisha, na kumwonyesha mkaguzi mshono mbichi ni kama kumpokea mgeni umevaa fulana ya kulalia.

Desemba 3

Amekuja mkaguzi mpya. Yule wa zamani amehamishiwa kwenye mabomba, naye alikuwa akitazama mishono yetu, anasema mashallah, anaomba chai. Huyu ni mwanamke, Mhandisi Rawya, kutoka Sohag huko Saidi, kusini ya nchi, mfupi, ana tochi shingoni. Alipiga magoti kwenye bati tangu asubuhi. Anapaka dawa nyekundu juu ya mshono, anasubiri, anaifuta, kisha anapuliza unga mweupe. Palipo na ufa au kitundu, wekundu uliojificha ndani hupenya kwenye unga, ukaonekana. Kwetu unga ulibaki mweupe mwanzo hadi mwisho.

Nikamwuliza anaonaje. Akasema ni nzuri sana, lakini kwa sauti ya mtu aliyekosa kitu alichokuwa anakitafuta. Lutfi anadai watu wa Saidi wakisifu ndivyo wanavyosikika. Mimi sikuipenda ile sauti.

Desemba 5

Tufani ya Kasim. Hii haikuwa na mchezo. Tuko ukuta wa kaskazini, unaoelekea baharini, na turubai lilikuwa likijaa upepo na kupiga. Vikosi vyote vilishuka. Nilisimama mgongo kwa upepo, nikaukinga moto wangu kwa mwili, Lutfi akanishikia ubao upande wa pili, tukafunga mshono wote wa kusimama bila kuuacha. Mwisho wa siku mshono ulikuwa na michirizi ya moshi na rangi ya kijivu. Tukausugua. Ukang'aa kama yote.

Nimelala na mgongo unaouma na kichwa kikubwa.

Desemba 11

Tulimkaribisha Mhandisi Rawya chakula cha mchana, kwa sababu adabu ni adabu. Nilifungua jibini la nyumbani. Akalitazama lile jibini, akanitazama, akasema, "Kwa hiyo Usta, leo nitakula au nitalala tumbo jepesi?" Huo ndio utani ambao Misri nzima inawatania watu wa Dumyat kwa ubahili, na Gharib alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Nami nikacheka bila kupenda.

Kisha akauliza, akiwa anatafuna, kwa nini mishono yetu haina doa hata moja. Vikosi vingine, hata vile vizuri, havikosi nukta mbili tatu za kurekebisha. Nikamwambia ni kwa sababu vikosi vingine si sisi. Akatikisa kichwa taratibu. Jibini langu kala, na bado ananitilia shaka. Nimekasirika tangu saa ile.

Desemba 20

Tufani ya Faida Ndogo. Hatukushuka. Ukuta wa kaskazini umekwisha.

Desemba 27

Jua. Rawya amepima ukuta wa kaskazini, mweupe wote. Nimeosha nguo.

Januari 4

Talaat aliniita ofisini, akafunga mlango. Rawya ameomba kibali cha kupaka tindikali kwenye mshono wetu mmoja, ile dawa ya kula ngozi ya juu ya chuma, kisha arudie kipimo chake. "Nimkatalie?" akaniuliza. "Ni neno moja tu kwako, Usta. Maji tunaingiza Februari, sina muda wa majaribio ya mabinti."

Ningesema mkatalie, na yangekwisha pale pale. Lakini nilimwambia ampe kibali, tena apime mbele ya watu wote. Nilitaka aaibike, amalize shaka zake, arudi Sohag akasimulie.

Januari 8

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Tulikusanyika asubuhi, kikosi changu, Talaat, na mafundi wa vikosi vingine waliokuja kutazama. Rawya alimwambia Gharib achague mshono wowote, ili isisemwe kwamba ameonea. Gharib akachagua mmoja wa ukuta wa mashariki, nami nikaridhika, kwa sababu naukumbuka, ulitoka mkononi mwangu mwenyewe. Rawya akapaka tindikali kuanzia chini mpaka juu, akasubiri, akaosha, akakausha. Ule mng'ao wetu ukafa, mshono ukabaki wa kijivu. Lutfi akaguna kama mtu anayeona nguo yake ikichanwa. Kisha dawa nyekundu, kisha unga mweupe.

Sehemu ya chini ilibaki nyeupe. Nikaanza kutabasamu. Ndipo juu, karibu na ukingo, ikatokea nukta nyekundu. Ikafuatwa na nyingine, kisha kundi zima, zikawa zinatanuka ndani ya unga huku tukizitazama. Lutfi akasema unga ule mbovu, umeingia uchafu. Nikamwambia anyamaze, nikamwomba Rawya kopo, nikafuta na kurudia kipimo kwa mkono wangu mwenyewe. Nukta zikarudi pale pale zilipokuwa.

"Vitundu hivi vimetoka wapi?" nikamwuliza. "Mwezi uliopita ulipima hapa hapa, hapakuwa na kitu."

"Vilikuwepo, Usta. Chuma hiki ni laini. Mkikisugua vile, ngozi ya juu inavutika na kufunika midomo ya vitundu. Dawa yangu haina pa kuingilia." Akachukua kopo lake mkononi mwangu. "Hamkudanganya mtu. Mmekipamba tu."

Afadhali angeniita mwongo. Mwongo anajua anachokifanya. Mimi nimewafundisha watu wangu kusugua kwa moyo wote, nikawasimamia, nikawakemea waliosugua kidogo. Wale mafundi wa vikosi vingine waliondoka mmoja mmoja bila kututazama, na heshima yao hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Talaat akaamuru mshono ule mmoja ukatwe na kuchomelewa upya, mambo yaishe.

Januari 9

Nilitangulia kazini peke yangu. Sikutaka mazungumzo ya njiani.

Januari 12

Tufani ya Faida Kubwa. Kwa mara ya kwanza nimewashusha watu. Tulikaa ndani ya kibanda cha vifaa, mvua ikipiga bati juu yetu, nami nikawa nawaza kwa nini nukta zile zilikuwa juu tu, na chini pasafi. Mkono ni ule ule, waya ni ule ule. Nikaona turubai la mlangoni linavyovutwa na upepo na kuachiwa, na jibu likanijia wakati ule ule.

Sisi tunachomelea chini ya gesi. Inatoka taratibu mdomoni mwa kifaa, inakifunika chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiguse. Upepo ukiipeperusha, hewa inaingia na chuma kinajaa vitundu. Sehemu ya juu ya mshono ule tuliichomelea siku ya Fagio. Kila fundi analijua jambo hili, hata mimi nalijua, lakini nilidhani mgongo wangu unatosha kuzuia tufani.

Na kama siku ya Fagio ilifanya vile, basi ukuta wa kaskazini umefanywaje, tuliouchomelea katika Kasim na Faida Ndogo?

Nikawaambia. Gharib akashika kichwa. Lutfi akasogea karibu, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, akasema polepole, "Baba Hisham, nani kakuuliza? Binti kapata mshono wake, meneja kafunga habari. Vile vitundu vimefunikwa, maji yatashika."

"Yatashika leo."

"Leo ndiyo tunayopimwa. Ukienda kusema, bwawa la pili limekwenda, na mihuri yetu ya ufundi imekwenda. Dada yangu utamwambia nini?"

Lutfi ana watoto, na mimi nina watoto, na aliyoyasema yote ni kweli. Maji yatashika labda miaka kumi, labda ishirini. Kisha kitundu kimoja kitafunguka, maji yenye sumu ya mionzi yaanze kupita nyuma ya bati nililolivalisha mimi, na hakuna atakayejua kwa nini. Nimeogopa kweli kweli leo, na sijui ninaogopa kipi zaidi.

Januari 14

Nimesema.

Nilimkuta Talaat na Rawya pamoja juu ya michoro. Nikasema ukuta wa kaskazini upakwe tindikali. Talaat akauliza mshono upi.

"Wote."

"Ukuta mzima? Usta, unajua unachokisema? Nani kakuambia una kasoro?"

"Mimi niliyeuchomelea. Nilikuwa kwenye upepo, nikajifanya sioni."

Alipandwa na hasira kama nilivyotarajia. Alisema ratiba imevunjika, alisema Kairo watamla nyama, alisema habari ya bwawa la pili niisahau. Mihuri yetu, ile yenye namba ambayo kila fundi hugonga kando ya mshono wake, ataishika mpaka kila mmoja wetu afanye mtihani upya kama mwanafunzi. Nilisimama nikasikiliza yote. Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii na sijawahi kusemwa hivyo.

Rawya alinifuata nje. Nilidhani atanipa pole, nami nilikuwa tayari kuikataa. Badala yake akauliza kama turubai la tabaka mbili lingeweza kuuzuia upepo wa kaskazini, au tunahitaji kitu kizito zaidi. Tulisimama kwenye baridi tukabishana habari ya turubai mpaka masikio yakafa ganzi. Nimeanza kumwelewa huyu mtu. Hakuwa akitafuta kosa langu. Alikuwa akiutafuta mshono.

Januari 19

Tufani ya Ghitas. Tumeshuka. Tindikali imemaliza ukuta wa kaskazini pamoja na ile mishono mingine ya siku ya Fagio, na unga ulipokauka ukuta ulikuwa kama mtoto mwenye surua. Talaat aliutazama, akaondoka kwenda kuandika ratiba mpya. Lutfi hasemi nami ila kuomba vifaa.

Januari 23

Mtihani. Tumepita wote. Lutfi aligonga muhuri wake mezani kwa nguvu, msimamizi akaruka.

Februari 2

Gharib ameleta vitambaa vya sufu nzito, vile ambavyo Mabedui wa huku hushonea mahema yao. Tumejenga chumba juu ya jukwaa, turubai nje, sufu ndani, na ndani yake uzi uliouning'iniza hautikisiki hata kukiwa na upepo. Tunakata mishono ya zamani na kuchomelea upya. Hakuna brashi wala msasa kabla ya mkaguzi. Mshono unabaki na magamba yake madogo kama ulivyotoka.

Hilo limekuwa gumu kuliko mtihani. Leo nimemkuta Lutfi amesimama mbele ya mshono wake mbichi, mkono umeshaishika brashi, mwenyewe hana habari. Nikakohoa. Akaitazama brashi, akanitazama, akasema, "Marehemu baba yako angetufukuza sote." Ni neno la kwanza la utani kwangu tangu Faida Kubwa. Niligeuka nikajifanya natafuta glavu.

Februari 10

Leo nimemshinda Rawya. Aliona nukta kwenye mshono wa Gharib akaandika ukatwe. Nikasema ile ni vumbi la sufu, si kitundu. Akakataa, nikakataa, tukapandishiana sauti mpaka watu wakasogea. Akarudia kipimo, nukta haikuonekana tena. Akasema, "Haya, vumbi," akafuta alichoandika, akaniomba radhi mbele ya kikosi kizima bila kuzunguka. Sijamwona mhandisi akifanya hivyo. Nimemtumia jibini.

Februari 18

Kazi. Kazi.

Februari 27

Mshono wa mwisho wa ukuta wa kaskazini umefungwa na kukaguliwa. Mweupe. Sasa nikiambiwa mweupe naamini.

Machi 9

Husumu imeanza, tufani ya siku nyingi, na maji yameanza kuingizwa siku hiyo hiyo. Hakuna la kufanya ila kungoja. Chini ya bwawa kuna mifereji midogo, mshono ukivuja tone litatokea humo. Rawya anashuka na tochi yake, nami nashuka nyuma yake. Talaat naye amekuja leo, kainama, kapitisha kidole ndani ya mfereji, kakitazama. Kikavu.

Machi 12

Kavu.

Machi 17

Bwawa limepita. Nimeandika maneno haya mara mbili kwenye karatasi nyingine kuyatazama yanavyokaa. Bwawa langu limeshika maji, Husumu nzima, bila hata tone kuvuja. Gharib alimbeba Lutfi mabegani. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikalia kidogo, na aliyeniona asijifanye hajaniona.

Machi 21

Maji yametolewa, na leo ulikuja ujumbe wa wakubwa kutoka Kairo kulitazama bwawa kabla ya kusafishwa. Kabla hawajafika, Talaat alitujia na boksi la brashi mpya na msasa. Mishono imeshapita, akasema, sasa iko huru, ing'arisheni ukuta wa mbele ili wageni wapige picha nzuri. Wao ndio wataamua habari ya bwawa la pili, na yeye ameshatusamehe, anataka kutusaidia. Nilimtazama Rawya. Akasema kwa kanuni hakuna kosa, mishono imeshakubaliwa, niamue mwenyewe.

Nilitamani, sitaficha. Mikono yangu yote miwili iliwasha. Lakini bwawa hili litakaguliwa tena na tena nikiwa nimeshazeeka, na watu ambao sijawahi kuwaona, na nikilisugua nitakuwa nimewafungia mlango. Nikamrudishia Talaat boksi lake. Akasema yasije yakawa ya kujutia.

Mkuu wa ujumbe alikuwa mzee mrefu mwenye kofia mpya. Alitembea kando ya ukuta wa kaskazini, akapitisha kiganja juu ya mshono, kikakwama kwenye magamba. "Huu mbona unakwaruza?" akauliza. "Niliambiwa mna mafundi wa Dumyat."

Kabla sijasogea, Lutfi akajitokeza, Lutfi yule yule aliyeniambia ninyamaze.

"Ndio sisi, mheshimiwa. Tumeuacha wazi ili mtu yeyote akitaka kuupima aupime."

Mzee akamgeukia Rawya akamwuliza kama ni kweli kwamba ukuta huu ulikataliwa wote, na ni yeye aliyeukamata. Habari imefika mpaka Kairo, nikajiambia, na sasa itasemwa mbele ya watu wote hawa.

"Hapana," akasema Rawya. "Mimi nilikamata mshono mmoja, ukuta wa mashariki. Huu wa kaskazini ulikuwa umeshapita. Aliyeukamata ni huyu hapa, Usta Wagih, na ni yeye aliyekuwa ameuchomelea."

Watu wote wakanitazama. Nilihisi uso unawaka, kwa aibu na kwa fahari pamoja, na sikuinamisha kichwa. Yule mzee akaweka tena kiganja kwenye mshono, akakivuta polepole mpaka mwisho wa bati, magamba yote. Akamwuliza Talaat bwawa la pili litafanywa na nani.

"Na hawa," akasema Talaat.